Mwisho wa Wimbo

Kwa muda wa miaka 15 kazi yangu imekuwa kuwafundisha vijana kumaliza walichoanza. Mwanzo mbovu wa insha husameheka, kwa kuwa msomaji bado ana tumaini la kukuta mema mbele. Lakini mwisho mbovu hauna wa kuuombea radhi. Washairi wetu wa zamani walilijua sana jambo hili. Mtunzi wa utenzi aghalabu hakuondoka kama mgeni asiyeaga: alitaja jina lake, akahesabu beti zake, akaomba dua, na pengine akaandika na mwaka wa Hijra, ndipo akaiweka kalamu chini. Hayo nimeyaeleza darasani mara nyingi, na kwa kuyaeleza mara nyingi nikajidhania kuwa mjuzi wa miisho. Nataka kusimulia jinsi ujuzi huo ulivyopimwa mwaka 2023, katika chumba kimoja cha Magomeni, hapa Mtwara, mbele ya sekunde 12 za video ya wimbo.

Wanafunzi wangu wanne wa fasihi simulizi walikuwa wametunga wimbo, na badala ya kuuandika katika karatasi na kuufungia kabatini, waliomba ruhusa ya kuutengenezea video, kitu ambacho vijana hukiita kichupa. Niliwapa ruhusa, nikawa msimamizi wao. Chumba walichofanyia kazi kilikuwa cha ndugu wa mmoja wao. Kuta zilibandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi, dirisha lilizibwa kwa godoro kuukuu, na joto la ndani lilikuwa la kuivisha ndizi. Pamoja na kinga zote hizo, mlio wa bodaboda na sauti ya jirani akimwita mwanawe viliingia bila hodi. Tulikaa watu watano mbele ya kompyuta moja, na feni moja ikatupepea kwa zamu.

Wimbo ulikuwa wa kijana mmoja, nami nitamwita mwenye wimbo. Mama yake mdogo aliolewa ng'ambo ya Ruvuma, akakaa Palma, katika jimbo la Cabo Delgado. Mtu asiyeijua pwani hii aweza kudhani kuwa kuolewa Msumbiji ni kwenda mbali. Sivyo. Wamakonde wako kaskazini ya mto na kusini yake, na Kimwani cha pwani ile si kigeni kabisa kwa sikio la Mswahili. Mpaka wenyewe ni kazi ya wahariri wa Ulaya, ambao hawakupatana hata juu ya mwisho wake: mwaka 1886 Wajerumani na Wareno waliufanya mto kuwa mpaka, mwaka 1894 Wajerumani wakavuka, wakaitwaa Kionga, kona ndogo ya nchi kusini ya mlango wa mto, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kona hiyo ikarudi kwa Wareno. Wenyeji wakati wote huo waliendelea kuozana.

Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa na waasi wenye silaha. Watu walikimbilia porini, baharini na mtoni. Wengi waliuawa, na maelfu walitawanyika. Tangu siku hizo simu ya mama mdogo haikuita tena. Hapana aliyeleta habari ya kifo chake, wala hapana aliyeleta habari ya uhai wake.

Wimbo haukuitaja Palma, wala haukutaja vita. Ulikuwa na beti tatu na kiitikio, na kila ubeti ulimwuliza msafiri swali dogo la nyumbani: kama alifika salama; kanga aliyoahidi ni ya rangi gani; chungu alichoazima kwa jirani kirudishwe na nani. Nilipousoma mara ya kwanza nilinyamaza kitambo, kisha nikampa alama za utunzi bila kusahihisha neno.

Picha zilipigwa ufukweni Shangani. Vijana walitaka jua lizame baharini kama walivyoona katika filamu za nchi nyingine. Niliwakumbusha kuwa bahari yetu iko upande wa macheo. Hawakukata tamaa: walikwenda alfajiri, wakalipiga picha jua likichomoza, kisha katika kompyuta wakazirudisha picha kinyumenyume. Jua likazama kwa utii. Walakini mawimbi nayo yakawa yanajikusanya kutoka mchangani na kurudi baharini, na kule mbali mashua ya wavuvi ikawa inakwenda tezi mbele na omo nyuma. Mzee yeyote wa Mikindani angalicheka mpaka machozi yamtoke. Tulikubaliana kuwa iwe asubuhi, na hapo hapakuwa na ugomvi.

Ugomvi ulikuja mwishoni. Kiitikio kikiisha, mashua nyingine yatia nanga, mwanamke ashuka na furushi lake, kijana aingia majini na nguo zake, wakumbatiana. Mwanamke huyo alikuwa muuza vitumbua wa Magomeni, aliyekubali kuigiza kwa hisani, naye aliigiza vizuri kupita tulivyotarajia. Kila sekunde ya video yao ilikuwa na picha 25, kwa hiyo sekunde 12 zilikuwa picha 300. Mimi nilitaka picha zote 300 ziondolewe.

Nilikuwa na hoja, na hoja zangu sizikani. Wimbo wauliza, kwa nini picha ijibu? Kukumbatiana kule, nilisema, kutayarudi maswali yote matatu na kuyafanya mzaha, kwa maana atakayeitazama video mara ya pili atajua tangu ubeti wa kwanza kuwa mama yu njiani. Nikawatajia Lev Kuleshov, Mrusi aliyefanya majaribio ya kuhariri filamu katika miaka iliyofuata mapinduzi ya 1917. Aliunganisha uso mmoja wa mwigizaji na bakuli la mchuzi, kisha akauunganisha uso uleule na jeneza. Watazamaji wakauona uso usiobadilika una njaa, kisha una msiba. Basi picha ya mwisho, nikasema, hupaka rangi yake zote zilizotangulia. Nikawatajia pia zile filamu 35 hivi zilizotengenezwa Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, ili kuwafunza Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, nikasema kuwa kumpa mtazamaji jibu kwa nguvu ni tabia ya ukoo ule. Nilisema mengi. Naona sasa ya kuwa nilisema mengi kupita haja, kama mtu anayepigilia misumari katika mlango ambao hapana aubishaye.

Shauri langu lilikuwa hili: video iishie pale mashua inapoonekana mbali, kabla ya kujulikana nani yumo; picha ikome ghafla, na sauti ya maji iendelee gizani kwa sekunde tano.

Watatu walikubali upesi. Mwenye wimbo alisema maneno machache tu: "Mwalimu, hapo tu ndipo anaporudi."

Nikamjibu kuwa kazi ya sanaa si kuturudishia tuliowapoteza. Jibu lile lilikuwa zuri kwa sikio, na nadhani ndiyo sababu nililitoa. Yeye hakubisha. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu ya alama, na mwanafunzi ajuaye hilo hawi huru kubisha. Alishika kipanya mwenyewe, akazikata zile picha; hazikuchukua hata muda wa kupepesa jicho. Kisha akatafuta sauti ya maji, akaipima, akaipunguza, akairudia kuipima, kwa uangalifu uleule aliouweka katika beti zake.

Video ilipoonyeshwa ukumbini, watu zaidi ya mia walikaa kimya katika giza la sekunde tano. Mwalimu mwenzangu alinishika mkono na kunipongeza, nami nikazipokea pongezi zile kama mali yangu. Kwa upande wa sanaa bado nasema kuwa mwisho ule ulikuwa bora, na kama kesho nikiulizwa tena na wanafunzi wengine, yamkini nitatoa shauri lilelile.

Baada ya wiki mbili mwenye wimbo alikuja ofisini. Aliomba ruhusa ya kutengeneza nakala ya pili, yenye mwisho wa kwanza, kwa ajili ya mama yake. Nilitahayari. Wimbo wake, msiba wake, na ruhusa ataka kwangu! Heri kwamba kompyuta haichomi kile ikikatacho. Vipande vyote vilikuwa vingali vimo. Aliviunga usiku ule, na siku ya pili akaniomba niandamane naye.

Tulifika baada ya magharibi. Mama alikuwa barazani juu ya mkeka, akimenya mihogo, na kando yake pana sufuria ya maji. Nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa alinizidi umri, akaitikia marahaba, akanikaribisha, akamwagiza binti mdogo alete kiti. Niliomba kukaa mkekani. Kijana akaiegemeza simu juu ya kinu kilichopinduliwa, akaiwasha.

Mama alitazama akiwa na kisu mkononi. Ubeti wa kwanza ukapita, na wa pili. Lilipokuja swali la chungu, alisema, wala si kwetu, "Nilikirudisha mimi."

Kisha ikaja mashua, mwanamke akashuka, na kijana akaingia majini. Mama alisogea.

"Huyu si yule wa vitumbua, wa pale kona?"

"Ndiye, mama," mwanawe akajibu.

Nilingoja acheke, au akasirike. Nilikuwa tayari kumweleza kuwa ni maigizo tu, na kuwa shauri langu lilikuwa jingine. Hakunipa nafasi.

"Mdogo wangu si mnene hivi," alisema. "Lakini amekushika vizuri." Akafuta mikono yake kwa upindo wa kanga, kisha akanigeukia. "Mwalimu, hebu irudishe nyuma kidogo."

Nilikuwa karibu na simu kuliko mwanawe. Niliirudisha nyuma. Mashua ikaja tena, furushi likashuka, maji yakamfika kijana magotini. Tuliitazama hivyo mara nne. Mara ya tano hakuniagiza; alinyosha kidole, kingali na unga wa mihogo, akaigusa mwenyewe.