Mtoto na Mto

Wazazi wengi wa mitaa ya Eastlands, toka Kaloleni hata Kayole, humkanya mtoto asicheze majini wakati wa masika, wala hawamwambii sababu. Mtoto hutii mbele ya macho yao tu. Mimi naona heri aelezwe.

Jambo gumu kwake ni kuwa mto waweza kufurika hali mbingu ya kwao ni nyeupe. Chimbuko la Mto Nairobi ni kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, juu upande wa magharibi. Mvua ikinyesha huko maji huteremka mjini, hupokea mengine ya mapaa na ya barabara za lami zisizonywa hata tone, kisha hufika Dandora yakinguruma.

La pili ni kina. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, huweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto! Tena maji ya tope huficha shimo la maji machafu ambalo mfuniko wake umeibwa ukauzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Masika ya mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa shule hata Mei 13. Siku hizo mwanangu aliniuliza, "Baba, nani atatuambia kuwa Kikuyu kumenyesha?" Nikamwambia atazame maji yenyewe: yakigeuka mekundu ghafula na kubeba vijiti, apande juu upesi, mkoba auache.