Kidole cha Mama



Nyumba yetu ya Kibugu, kule Embu, imezungukwa na mashamba ya chai, lakini kazi ya barazani ni ya pwani. Mama hushona kofia za vito, nasi mabinti zake humtungia uzi sindanoni. Hata hivyo, kwa muda wa miaka 2 hatukujua kwamba kidole chake cha shahada kina uvimbe. Alikificha, kwani alisikia kuwa uvimbe ukiguswa na kisu huamka na kuenea mwilini.

Tuligundua siku moja tukiswali pamoja. Katika tahiyatu alikiinua kidole kwa taabu. Tulipomuuliza, alilia. Alikuwa akiogopa saratani peke yake.

Mjini Embu, daktari alikibonyeza kidole, kisha akazima taa na kukimulika kwa tochi. Alitufahamisha kuwa vivimbe vingi vya mkononi si saratani. Kilicho cha kawaida zaidi ni kifuko cha ute mzito utokao kwenye kiungo au kwenye ala ya kano. Mwanga hupenya ndani yake, na mara nyingi hutoweka chenyewe. Alituonya tusikipige kwa kitu kizito wala kukitoboa nyumbani. Lakini uvimbe wa Mama ulikuwa mgumu, na mwanga haukupenya. Picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha pande la nyama kando ya kano. Ilibidi litolewe na kupimwa maabara, maana jicho pekee halitoshi kuhukumu.

Mkono ulitiwa ganzi, na juu yake ukafungwa mkanda wa kuzuia damu ili mpasuaji aione vyema mishipa midogo ya fahamu. Mama alirudi nyumbani siku ile ile. Kwa udhu, sheikh alimwelekeza aoshe sehemu nzima, apanguse juu ya bendeji kwa maji, na atayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa.

Majibu yalipotoka, tulishukuru: ulikuwa uvimbe wa ala ya kano, usio saratani. Hauenei mwilini, ila waweza kurejea pale pale, hivyo kidole kiangaliwe mara kwa mara.

Lakini katika miaka ile ya kimya uvimbe ulikuwa umeuzingira mshipa wa fahamu. Hadi leo ncha ya kidole ina ganzi, na Mama huiongoza sindano kwa macho. Kisu alichokiogopa hakikumdhuru. Kuchelewa ndiko kulikomdhuru.

Dada zetu, mtazameni mama mikono yake, na mumuulize kwa upole. Uvimbe wowote uonyeshwe kwa daktari, na usicheleweshwe hata kidogo ukikua, ukiuma au ukileta ganzi. Kujitibu ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), na shifaa yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.