Kawanda, Mahali Migomba Inapoozeshwa

Barabara itokayo Kampala kuelekea Bombo hupita Bwaise na Kawempe katikati ya maduka, gereji na vumbi, hata msafiri akadhani kuwa mji hautakwisha. Kiasi cha kilomita 13 kutoka mjini ndipo pafikapo Kawanda, penye kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo. Humo, asubuhi kabla umande haujakauka, huonekana watu wakichukua ngazi kutoka mgomba hadi mgomba. Hawakati mikungu, wala hawapogoi majani. Wanachukua chavua ya mgomba mmoja na kuipaka juu ya maua ya mwingine. Kwa neno la nyumbani, wanaozesha migomba.

Mkulima wa Masaka au Mbarara aelezwapo habari hiyo kwa mara ya kwanza hucheka. Mgomba wa matoke haujapata kuhitaji harusi. Katika lusuku, kama Waganda waliitavyo shamba la migomba linaloizunguka nyumba, migomba huongezeka yenyewe miaka nenda miaka rudi, na bibi arithiye shamba kwa mama mkwe wake hula kutoka katika mashina yale yale. Akitaka kupanua shamba huchimbua chipukizi na kulipanda mahali pengine. Jirani akiomba mbegu hupewa chipukizi pia.

Mgomba si mti, ingawa urefu wake huwadanganya wengi. Kinachoonekana kama shina ni vikonyo vya majani vilivyokumbatiana. Shina lenyewe ni tunguu lililofichika ardhini. Tunguu hilo lina macho, na kila jicho laweza kuchipua. Mgomba mkubwa huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa, na chipukizi hushika nafasi yake. Kwa hiyo chipukizi si mtoto kwa maana ile ambayo mtoto wa binadamu huchukua nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama. Ni mgomba ule ule, ukiendelea kuishi kwa mwili mpya.

Viko wapi basi vile viungo vya uzazi? Vipo, vimening'inia mbele ya macho ya kila mtu. Maua yaliyo juu ya mkungu ni ya kike, na ndiyo yageukayo kuwa chane za ndizi. Chini kabisa huning'inia ua la rangi ya zambarau, ambalo Waganda huliita empumumpu. Hilo ni la kiume. Katika migomba ya mwituni ya Asia ya kusini-mashariki na visiwa vya jirani, ambako ndiko asili ya jamii yote hii, popo na ndege huchukua chavua kutoka ua la kiume hadi la kike, na tunda hujaa mbegu nyeusi ngumu kiasi cha kuvunja jino. Mwanadamu wa kale alichagua ile michache iliyotoa nyama bila mbegu, akaitunza kwa machipukizi. Vidoa vidogo vyeusi vionekanavyo katikati ya bogoya ni mabaki ya mbegu zisizokomaa.

Mgomba wa matoke una kromosomu 33, yaani seti tatu za 11, na seti tatu hazigawanyiki sawasawa kwa wawili. Ndiyo sababu ya utasa wake. Wataalamu wametambua nchini Uganda zaidi ya aina 80 za migomba hii ya nyanda za juu, wakaziweka katika makundi matano: Nfuuka, Nakitembe, Nakabululu, Musakala na Mbidde, hii ya mwisho ikiwa ndiyo ya pombe. Mpishi hodari huzitambua kwa kuzitazama tu. Hata hivyo, uchunguzi wa urithi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina hizo zote zinakaribia kuwa kitu kimoja, kana kwamba zilitokana na mgomba mmoja wa kale, zikabadilika kidogo kidogo mikononi mwa wakulima. Masimulizi ya Buganda yamtajayo Kintu kuwa ndiye aliyeleta mgomba wa kwanza hayako mbali sana na maneno ya maabara.

Ubaya wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2001. Katika eneo la Mukono, majani ya migomba yalianza kunyauka na kugeuka manjano. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, na zilipokatwa, nyama yake ilikuwa na madoa ya kahawia. Shina likikatwa lilitoa usaha wa rangi ya maziwa au manjano. Ulikuwa ni mnyauko uletwao na bakteria, maradhi yaliyojulikana kwanza Ethiopia katika mmea wa enseti. Kwa kuwa migomba yote ni ndugu wa damu moja, hapakuwa na aina iliyoweza kusimama na kuyakataa. Miaka iliyofuata yalionekana Kongo, Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi. Nyumba zilizozoea kupika matoke kila siku zikanunua unga wa mahindi.

Nyuki ndiye aliyekuwa mmoja wa wachukuzi wakubwa. Hufika katika ua la kiume kutafuta asali yake, kama mshenga aliyetumwa posa, na kwa kuwa mgomba huo hauna ndoa ya kufunga, kitu pekee anachoacha nyuma ni maradhi. Kayinja, itumiwayo kwa pombe, iliumia kuliko zote kwa njia hiyo. Ndipo mabwana shamba walipofundisha kuvunja ua la kiume mara tu chane ya mwisho itokeapo, kwa kijiti chenye panda wala si kwa panga, kwa sababu panga lililokata mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwa ulio mzima. Panga lipitishwe motoni kila baada ya mgomba mmoja. Shina lililougua likatwe usawa wa ardhi bila kukawia.

Chipukizi la kupanda nalo lisichukuliwe ovyo. Lililo bora ni lile lenye majani membamba kama upanga, kutoka shamba lisilo na ugonjwa. Mizizi na ngozi ya tunguu huparuliwa mpaka weupe uonekane, kisha tunguu hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hivyo hufa mayai ya fukusi na minyoo ya mizizi. Lakini mnyauko hauponi kwa maji ya moto.

Kwa hiyo wale watu wa ngazi huko Kawanda hawachezi. Aina chache za matoke, zikipakwa chavua ya mgomba wa mwituni uitwao Calcutta 4, huweza kutoa mbegu. Mara nyingi mkungu mzima hautoi hata moja. Ikipatikana, haitegemewi kuota udongoni. Hupasuliwa maabara, kiini chake kikatolewa na kulelewa ndani ya chupa. Mche wa kwanza hubeba kromosomu 44, nao lazima uozeshwe tena kwa mgomba mwingine ili wajukuu warudie 33 na kukosa mbegu. Kazi hiyo ilianza miaka ya 1990, na aina ya kwanza, M9, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2010. Waliipa jina la Kiwangaazi, yaani idumuyo. Huvumilia ugonjwa wa madoa meusi ya majani na kuzaa mikungu mizito, lakini mnyauko wa bakteria haijaushinda.

Jikoni ndiko inakoshitakiwa. Walaji wengi husema kwamba, ikishamenywa, ikafungwa katika majani na kuiva kwa mvuke, haibonyei kwa ulaini kama Nakitembe. Lawama hiyo si ya kupuuzwa, maana mwenye nyumba hapandi asichotaka kula. Basi ngazi hubebwa tena asubuhi, vifuko hufunikwa juu ya maua yaliyopakwa chavua, na mkungu hungojewa kwa miezi mitatu au minne mpaka utakapomenywa, chane kwa chane, kutafuta punje moja nyeusi.