Tuliulizwa, Tukajibu

Ukitoka Diff, kijiji chetu cha mpakani kaskazini mashariki mwa Kenya, asubuhi ukaelekea jua, hutachoka kabla ya kuingia Somalia. Mpaka wa hapa ni mstari ulionyooka unaofuata takriban nyuzi 41 za longitudo. Hakuna mto wala kilima cha kuuonyesha. Waingereza na Waitaliano ndio walioukubali, Waingereza walipowapa Waitaliano Jubaland kwa mkataba wa 1924, malipo ya ahadi za Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wetu, Wasomali, walikuwa na malisho huku na visima kule, na hakuna aliyewaambia kitu. Ngamia waliendelea kufuata mvua.

Nasema haya kwanza kwa sababu wapo wanaodhani vita vya shifta, vile vya waasi waliotaka tuungane na Somalia miaka ya 1960, vilianzishwa na wezi wa mifugo. Wezi walikuwepo, tena walinenepa vitani. Lakini chanzo ni ardhi, na ni jibu lililotupwa.

Mwaka 1962 nilikuwa mvulana mkubwa wa kutosha kuachiwa ngamia peke yangu. Kenya ilikuwa inakaribia uhuru, na Uingereza ikatuma makamishna wawili, Onyiuke kutoka Nigeria na Meja Jenerali Bogert wa Kanada, wazunguke NFD yote, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kama walivyotuita, wakiuliza watu wanataka kuwa wapi. Wazee wetu walivaa shuka safi, wakaenda Wajir. Aliporudi, adeer yangu, yaani ami yangu, aliketi chini ya mti akaagiza chai.

“Haya, adeer, ikawaje?” nikamwuliza.

“Tumeulizwa, tukajibu,” akasema. “Sasa ni kungoja.”

Ripoti ilipotoka Desemba ilisema wazi kwamba Wasomali, waliokuwa wengi katika NFD, karibu wote walitaka kuungana na Somalia. Miezi mitatu baadaye, Machi 1963, Duncan Sandys, waziri wa Uingereza wa makoloni, akatangaza kwamba sisi tutakuwa jimbo la saba ndani ya Kenya. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza mwezi uleule. Uchaguzi wa Mei ulipofika, Garissa, Wajir na Mandera tuliususia.

Nimezeeka sasa, naweza kuutazama upande wa Nairobi pia bila hasira. Jomo Kenyatta alikuwa na Mwambao kusini, ambako walikuwapo waliotaka pwani ijitenge. Angemwachia Msomali jimbo zima, angemjibu nini mtu wa Mombasa? Ethiopia nayo ilikuwa na Ogaden yake, wanakoishi Wasomali pia, ndiyo maana Addis Ababa na Nairobi walitia saini mkataba wa kulindana. Na Julai 1964, wakuu wa Afrika walipokutana Cairo, waliazimia mipaka ya wakoloni ibaki ilivyokutwa siku ya uhuru. Somalia ilikataa azimio hilo. Bendera yake ina nyota yenye ncha tano, kila ncha ni ardhi moja ya Wasomali, na ncha moja ilikuwa sisi.

Radio Mogadishu ilitukumbusha ncha hiyo kila jioni. Kulikuwa na redio moja katika boma letu, na wanaume wazima waliinamia kifaa kile kama wanaosikiliza kifua cha mgonjwa. Vijana walivuka mpaka, wakarudi na bunduki kuukuu. Binamu yangu mmoja alikwenda hivyo, na hakurudi. Ninavyoona mimi, redio ile ina deni kwetu. Ilituahidi nchi, ikatupa bunduki chache.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwezi haujaisha, hali ya hatari ilitangazwa kwetu. Ukanda wa maili tano kutoka mpakani ukafanywa eneo lililokatazwa, isipokuwa miji mikubwa. Diff haikuwa mji mkubwa. Kwa hiyo sisi tulifukuzwa kwenye visima vyetu kwa tangazo tu, kabla ya risasi yoyote.

Mapigano yenyewe sina mengi ya kuyasimulia, kwa maana mchungaji huyasikia kwa mbali. Nilichokiona ni kubanwa katikati. Askari walikuja mchana wakitaka kujua shifta wako wapi. Shifta walikuja usiku wakachukua mbuzi, wakauliza nani kasema na askari. Baadaye yakaja mabomu ya kutega ardhini, malori yakarushwa barabarani, na kila lori liliporushwa kijiji cha karibu ndicho kilicholipa.

Kisha ikaja manyatta. Kuanzia 1966 serikali iliamuru watu wakusanywe katika vijiji vyenye uzio na walinzi. Sisi tuliswagwa kuelekea Wajir. Aliyekutwa nje ya uzio bila ruhusa alihesabiwa shifta.

Hapa nataka msomaji wa Nyeri au Kisumu anielewe, maana ndipo tulipovunjika. Ngamia hataki kulishwa mahali pamoja. Anataka miti ya aina nyingi na udongo wa chumvi, na hupelekwa mbali kwa siku nyingi kabla ya kurudishwa kunywa. Kule manyatta mifugo ilitolewa jua likiwa limeshapanda, ikatakiwa irudi zizini kabla ya giza. Baada ya wiki chache hapakuwa na jani umbali wa kutembea. Ngamia waliingiwa na upele, kupe wakawamaliza walio wachanga. Majike wakakauka maziwa, na maziwa ndiyo chakula chetu. Baba yangu aliyekuwa akiwapa wengine ngamia wa kukamua alisimama kwenye foleni ya unga wa mahindi, na hakujua unapikwaje. Mengine waliyopata mama zetu pale ndani hawakuyasimulia, nami sitayasimulia kwa niaba yao.

Vita viliisha mbali nasi. Mwaka 1967 Somalia ilipata waziri mkuu mpya, Mohamed Ibrahim Egal, mtu aliyeona hesabu haitoki: vita vinagharimu, na Mfereji wa Suez umefungwa huku ndizi za Somalia zikihitaji njia ya kwenda Italia. Tarehe 28 Oktoba alikutana na Kenyatta mjini Arusha, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi, wakakubaliana kukomesha uhasama na kurudisha uhusiano. Aliyetuchochea na aliyetupiga walipeana mikono, na hapakuwa na mtu wa NFD aliyeulizwa safari hii.

Waliotoka manyatta bila mifugo walibaki pembezoni mwa miji, wakachoma makaa, wakabeba maji ya watu. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyofunga mlango wa mahakama kwa mtu yeyote anayedai juu ya matendo ya maafisa wa usalama kaskazini kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Amri za hali ya hatari ziliendelea kutuwekea mkono shingoni hadi 1991. Ndani ya miaka hiyo kulikuwa na mauaji ya Wagalla, Februari 1984, na ile kadi ya uchunguzi ya 1989 ambayo Msomali wa Kenya alitakiwa kuwa nayo juu ya kitambulisho. Hadi leo utamsikia mtu wa hapa akipanda basi la Nairobi akasema anakwenda Kenya.

Somalia ilijaribu tena kuichukua ncha nyingine, Ogaden, mwaka 1977, ikashindwa mwaka uliofuata mbele ya Ethiopia iliyosaidiwa na Wasovieti na Wakuba. Mwaka 1991 dola yake ikaanguka, na watu wa nchi iliyotaka kutukomboa wakakimbilia kwetu, kwenye kambi za Dadaab.

Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika haya mengi katika ripoti yake. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya dola, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa walioumizwa. Walioiona manyatta wakiwa watu wazima karibu wote tumeshawazika. Ombi langu kwa wabunge wa Garissa, Wajir na Mandera ni hili: kila bajeti inaposomwa, simameni muulize pesa hizo ziko wapi, kabla sisi tuliokuwa watoto hatujamalizika.