Sabasaba Majini Raskazone

Wageni wetu walifika Tanga Ijumaa usiku kwa basi la kutoka Dodoma, miguu imewavimba kwa kukaa tangu asubuhi. Walikuwa wanne: rafiki yetu tuliyesoma naye uuguzi, mumewe ambaye ni mwalimu wa historia, binti yao wa miaka 12 na mdogo wake wa kiume wa miaka 8. Ilikuwa Julai 2025, na Sabasaba iliangukia Jumatatu, basi tulikuwa na siku tatu nzima.

Kabla hata chai haijachemka, rafiki yetu alitufuata jikoni. "Jamani, nawaomba jambo moja tu. Wanangu wasipande hiyo mashua yenu."

Hatukumwuliza sababu. Kaka yake alikufa maji Ziwa Victoria mtumbwi ulipopinduka, na tangu siku hiyo yeye hata kando ya bwawa hapiti. Watoto aliwaleta pwani kwa kuwa baba yao alikwisha kuwaahidi.

Mama mwenzetu, usidhani tunazungumza habari za matajiri. Mashua yetu ni ya plaiwudi, urefu wake mita 4 na nusu, ina matanga mawili. Tuliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji, na kila mwaka kabla ya pepo za kusi tunaipaka rangi kwa mikono yetu. Tunaiweka kwenye klabu ya mashua pale Raskazone, nasi Jumapili mchana, baada ya ibada, tunashindana na wengine.

Jumamosi tuliteremka wote ufukweni na kapu la machungwa ya Muheza. Mwalimu hakuweza kujizuia. Akawaonyesha watoto kwamba hapo ndipo waliposhuka askari wa Waingereza waliotoka India, Novemba 1914, wakashindwa na jeshi la von Lettow-Vorbeck, na nyuki nao wakawauma vibaya. Habari ya nyuki iliwafurahisha kuliko vita. Kisha akanyoosha kidole kwenye kisiwa cha Toten kilicho ndani ya ghuba, chenye magofu na makaburi ya kale, akasema jina hilo ni la Kijerumani, maana yake ni wafu. Rafiki yetu alitutazama kwa jicho tuliloelewa vizuri sana.

Tulimwahidi kwamba siku hiyo hakuna atakayetoka nje ya kina cha kifua. Kwetu mtoto hafundishwi kusafiri kwa tanga kabla hajafundishwa kupinduka. Kwanza jaketi okozi. Mfungie mtoto mikanda yote, halafu mwinue kwa mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, litamtoka majini. Kisha tunaipindua mashua makusudi, na mtoto anajifunza neno moja: usiiachie. Mashua ya namna hii ikipinduka inaelea, na anayeokoa huiona mashua upesi kuliko kichwa cha mtu. Waogeleaji hodari hupotea kwa kuiacha wakidhani nchi kavu i karibu.

Binti alipinduka mara 6, akatoka anacheka, macho mekundu kwa chumvi. Mama yake alikaa chini ya mkungu, mikono ameikunja, hakusema neno.

Sisi wauguzi tunajua kwamba hofu yake si ya kipuuzi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka 5. Wengi huzama karibu na nyumbani, bila kelele. Na ukimtoa mtoto majini naye hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, kama tulivyozoea kuona. Mpulizie pumzi 5 kwanza, ndipo uanze kumkandamiza kifua, huku mwingine akikimbilia msaada.

Usiku binti aliuliza, "Kesho je?" Baba yake akajibu, "Mwulize mama yako." Hakujibiwa. Jumapili tulikwenda ibada ya kwanza, na tulipokuwa tunatoka mlangoni rafiki yetu akasema taratibu, "Mmoja tu. Mkubwa."

Mashindano yenyewe yana taratibu zake. Bendera hupanda dakika 5 kabla ya kuanza, nyingine dakika 4 kabla, na mashua zote huzunguka zunguka nyuma ya mstari usioonekana, kati ya boya na bendera, bila kuuvuka. Boya la kwanza huwekwa upande unakotoka upepo, basi huwezi kulifuata moja kwa moja. Unapiga bisha, kushoto kisha kulia, na anayepata upepo kwa mkono wa kulia hupishwa. Hakuna refa. Ukiligusa boya, unajiadhibu mwenyewe kwa kuizungusha mashua duara moja zima.

Baba watoto wetu na binti walikuwa wa tatu walipofika boya la kwanza. Tukashangaa kuwaona wanazunguka. Katikati ya duara kusi likavuma ghafla, tanga likahama upande kwa kishindo, mashua ikalala.

Rafiki yetu alitushika mkono hadi kucha zikaingia. Tulihesabu vichwa. Kimoja. Tukangoja. Kimoja. Sisi tuliozoea chumba cha wagonjwa mahututi tulisikia magoti yakilegea, lakini tulimwambia, "Yuko upande wa pili, ameshika," nasi hatukuwa na hakika. Boti ya uokoaji ikawasha mashine. Ndipo mashua ikaanza kuinuka, tanga likimwaga maji, na mtoto akaonekana anavutwa ndani kwa jaketi lake.

Walimaliza wa mwisho. Rafiki yetu alimfunga binti kitenge, akamgeukia baba watoto. "Shemeji, ulikuwa unazungukia nini?"

"Niligusa boya, dada."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ulimtia mwanangu majini kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona!"

Akakosa la kujibu, na hasira hiyo ilikuwa haki yake. Usiku huo wali wa nazi na samaki wa kupaka tulikula kimya kimya.

Jumatatu asubuhi, maji yalipoanza kujaa, tulimkuta ufukweni amekwisha kuvaa jaketi juu ya gauni. Tuliisukuma mashua hadi maji yakamfika kiunoni, tukailaza. Alifumba macho, akaikumbatia.

"Mama, usiiachie," binti alimwambia. "Hapo hapo. Sasa fumbua macho."