Sekunde nane za dogo
Wasee, kuna video niliifuta wiki jana na bado mnaniulizia. Haya, wacha niseme.

Ilikuwa mechi ya kirafiki hapa Salgaa, kwa uwanja wa simiti yenye nyufa. Gadi wetu mmoja, dogo wa kidato cha pili, mwembamba kama fito, alipewa kazi ya kukaba jamaa wa Nakuru Town aliyemzidi karibu kichwa kizima. Jamaa akahamisha mpira kulia, akarudisha kushoto, dogo akateleza, akakaa chini pwaa! Uwanja ukalipuka. Mimi nilikuwa na simu. Nikakata sekunde nane, nikatupia emoji za kucheka, nikaposti. Asubuhi ilikuwa imefika kwa simu za wanafunzi wenzake. Jioni dogo hakuja mazoezi. Kesho yake pia hakuja.

Kocha hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Si ulirekodi mechi yote? Hebu itazame."

Nikaitazama. Yule jamaa alimvamia dogo mara 14, na alifunga mara 3 tu. Zingine zote dogo alikuwa anamsukuma upande wa mkono wake mbaya, anajipenyeza kwenye skrini bila kufanya faulo, anainua mkono usoni bila kuruka ovyo. Kumi na moja, na sikuwa nimeona hata moja.

Kusema ukweli, sisi hapa Salgaa hatuna kisingizio. Trela likishuka kutoka Sachangwan polepole na gia ndogo, nani hutoa simu? Tunazitoa likianguka.

Na kukaba siku hizi ni ngumu, manze. Zamani gadi angeweka mkono kiunoni mwa mtu amwongoze anakotaka. NBA wakaikaza hiyo sheria msimu wa 2004-05, sasa unakaba kwa miguu. Ongeza pointi tatu: ukikaa mbali unapigiwa, ukisonga karibu unapitwa, na ukigeuka kuna mtu mkubwa amesimama kama ukuta. Baada ya Gary Payton kuwa mlinzi bora wa NBA mwaka wa 1996, hakuna gadi mwingine aliyeipata hiyo tuzo hadi Marcus Smart, 2022. Na Smart hata hakuwa anaongoza ligi kwa kuiba mipira! Sisi hapa tunamsifu gadi anayeiba. Akinyoosha mkono akakosa, amewaacha wenzake wanne wapambane na watano, lakini hiyo hatuhesabu.

Wakati mwingine kuanguka kunamaanisha ulikuwa karibu. Kuna gadi wetu mwingine, jina sitaji, hajawahi kuangushwa. Huwa anasimama mbali, anapunga mkono kama anaaga matatu.

Nilienda kwao dogo kuomba msamaha. Mamake akafungua mlango, akaniangalia. "Ni wewe wa ile video?" Nikasema ndiyo, Mama, na nimekuja kwa sababu hiyo. Akaniwekea chai, lakini hakuketi. Nikamwonyesha dogo zile 11, moja moja. Hakusema kitu hadi ya saba. "Hapo nilichelewa," akasema, "rudisha."

Jumamosi alikuja mazoezi. Hakunisalimia. Alifunga kamba za viatu, akaenda moja kwa moja akasimama mbele ya mchezaji wetu mrefu zaidi.

Simu ilikuwa mfukoni.