Nondo anayeruka si yule anayekula

Leo naomba tuweke kando programu na seva. Nataka kuwaeleza habari za nondo. Msiniache njiani, maana kosa nililofanya ni lile lile ninalolifanya kila wiki mbele ya tarakilishi, ila safari hii nusura limdhuru mtoto mchanga.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyanya yangu aliishi Kinangop, na yeyote aliyelala Kinangop mwezi wa Julai anajua baridi ya huko haina mzaha. Alifuga kondoo, akasokota sufu yao kwa mkono, na mwaka 1994 dada yangu alipozaliwa akamfumia shali nyeupe. Shali hiyo ikatufunika sote watatu kwa zamu. Nyanya alifariki 2016, nami nikaachiwa shali niitunze hapa Nairobi. Machi 2024, dada akiwa anatarajia mtoto wake wa kwanza, niliitoa kabatini nimtayarishie. Nikaiinua dirishani, nikaona mwanga unapenya. Matundu saba.

Papo hapo nikamwona nondo mdogo, rangi ya majani makavu, akikimbilia pembeni mwa kabati. Nikampiga kofi. Nikajipongeza kwamba tatizo limekwisha.

Sisi watu wa tarakilishi tuna kisa chetu cha nondo. Tarehe 9 Septemba 1947, wahandisi katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amekwama ndani ya relei ya mashine iliyoitwa Mark II. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la mashine, na ukurasa huo ungali umehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Tangu chuoni tunausimulia kwa furaha: umeona mdudu, umemtoa, mashine inafanya kazi. Mdudu wangu hakuwa wa namna hiyo.

Nilipoanza kusoma ndipo nikashtuka. Nondo wa nguo akishakomaa hali kitu. Kinywa chake hakifai kwa kula. Kazi yake ni kupandana na kutaga, kisha afe. Anayekula ni kiwavi, kijidudu cheupe kilichojificha kwenye mikunjo ya nguo, ndani ya kijifuko cha nyuzi alichojitengenezea. Jike mmoja hutaga mayai 40 hadi 50, na kiwavi akishaanguliwa anaweza kukaa miezi miwili tu, au, hali ikiwa mbaya, miaka miwili, kabla hajageuka nondo. Kwa hiyo ukimwona anayeruka, ujue walaji walishakula zamani. Yeye ni ujumbe wa hitilafu kwenye skrini. Hitilafu yenyewe iko kwingine.

Jambo la pili: nondo huyu hapendi mwanga. Wale wanaozunguka taa usiku ni jamaa wengine, waacheni.

Chakula cha kiwavi ni keratini, protini inayojenga sufu, nywele, manyoya na kucha. Pamba haina, akriliki haina. Ndiyo maana sweta zetu za shule, ambazo nyingi ni za akriliki, zilimaliza miaka bila tundu isipokuwa la kiwiko, nasi tukakua bila kumjua adui huyu. Nyanya alimjua. Kila kiangazi alianika mablanketi juani na kuyapiga kwa fimbo, nami nikidhani ni usafi wa kupita kiasi. Kumbe mwanga na mtikisiko huwang'oa viwavi na mayai.

Basi waliingiaje kabatini kwangu? Nikafanya kama ninavyofanya mtambo ukiharibika: nini kilibadilika? Jibu lilikuwa sweta ya kashimiri, ile sufu laini ya mbuzi, niliyoiokota kwenye mitumba kwa shilingi 300. Nilifurahi mno hata sikuifua. Niliikunja nikaiweka juu ya shali. Nilipoigeuza sasa, kwapa zote mbili zilikuwa zimeliwa, na ndani ya mshono kulikuwa na vijifuko vitatu. Mnakumbuka zile siku ambapo ulichomeka flashi ya rafiki bila kuipima virusi? Ndivyo nilivyofanya. Na walianzia kwapani kwa sababu: jasho na madoa ya chakula huwapa viwavi chumvi na vitamini ambazo sufu safi haina.

Hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa. Badala ya kufikiri, nilikwenda dukani nikanunua pakiti mbili za naftalini, zile tembe nyeupe zenye harufu kali. Nikazimwaga ndani ya sanduku pamoja na shali, nikafunga.

Dada alijifungua mwezi wa Mei, mtoto wa kiume. Nikampelekea shali nikiwa na fahari. Shangazi yetu, binti wa nyanya na muuguzi mstaafu, alikuwa ameketi kando ya kitanda. Kabla sijaikunjua akainua kichwa.

"Hiyo umeihifadhi na nini?"

"Zile tembe nyeupe za kufukuza wadudu, Shangazi."

"Basi toa nje. Haimgusi mtoto huyu."

Dada akasema ni shali ya Cucu, angalau apigwe nayo picha tu. Shangazi akasema, "Ni shali ya mama yangu kabla haijawa ya Cucu wenu. Toa nje."

Baadaye, tukinywa chai, alinieleza. Naftalini haiyeyuki kuwa maji. Inageuka moja kwa moja kutoka tembe kuwa mvuke, na mvuke huo huingia kwenye nguo, kisha kwenye mapafu na ngozi. Mwilini hugeuka kemikali zinazoshambulia chembe nyekundu za damu. Wengi wetu tuna kimeng'enya kiitwacho G6PD kinachozilinda. Asiyekuwa nacho cha kutosha, chembe zake hupasuka. Mtoto mchanga hugeuka manjano, na umanjano ukizidi huweza kuharibu ubongo. Hii si hadithi: kuna watoto wachanga waliougua, na wengine kufa, baada ya kuvishwa nguo na mablanketi yaliyohifadhiwa hivyo.

Upungufu huo hupatikana zaidi kwa watu wa sehemu ambazo malaria imekaa vizazi na vizazi. Mama yetu anatoka Busia, karibu na ziwa. Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya X, kwa hiyo mwanamke anaweza kuibeba bila kujua na kumrithisha mwanawe wa kiume. Shangazi alimwambia dada aombe mtoto apimwe. Majibu yalirudi: anao upungufu. Sasa imeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki, kwa sababu kuna dawa pia asizopaswa kupewa.

Nilikaa kimya muda mrefu siku hiyo. Si hilo tu: mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka naftalini katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Na kinachochekesha, au kuliza, ni kwamba tembe hizo hufanya kazi tu mvuke ukijaa ndani ya chombo kilichofungwa kabisa. Ukizining'iniza kwenye kabati unalolifungua kila asubuhi, anayevuta mvuke ni wewe, nondo wala hana habari.

Haya, ninachofanya siku hizi ni hiki:

1. Nguo ya sufu haiwekwi kabatini ikiwa chafu. Nafua kwa maji ya vuguvugu yasiyo moto, isije ikaruka, na kuikausha kabisa.

2. Nagandisha. Naifunga ndani ya plastiki isiyopitisha hewa na kuiweka kwenye friza ya nyuzi -18 kwa majuma mawili. Stima ikipotea na friza ikapata joto, naanza kuhesabu upya. Nikiitoa siifungui mpaka ipoe na kufikia joto la chumba, la sivyo unyevu utagandamana kwenye nguo.

3. Nasafisha kabati: nyufa, pembe, chini ya droo. Nywele na vumbi pia ni chakula chao.

4. Nahifadhi kwenye chombo kinachofungwa kwa kubana, baada ya kugandisha, si kabla. Ukifungia mayai ndani, umewajengea nyumba.

5. Naweka mtego wa gundi wenye harufu ya jike. Hunasa madume tu, hivyo haumalizi tatizo, lakini hunionyesha kama lipo. Mbao za mwerezi na lavenda zinanukia vizuri, ila msizitegemee.

6. Nguo yoyote ya sufu kutoka mitumba hupitia friza kabla ya kuiona kabati.

Shali tuliianika nje nyumbani kwa Shangazi kwa majuma mengi, ikafuliwa, ikaanikwa tena. Mtoto hakuitumia, akafunikwa blanketi la pamba kutoka dukani, akakua vizuri, sasa anakimbia. Shangazi alichukua sindano za mama yake akaziba matundu sita. La saba aliliacha, akasema macho yamechoka, nije nijifunze nilizibe mwenyewe.

Bado sijaliziba. Jumamosi hii naenda Kinangop. Tuonane juma lijalo.